James Sumner: Mkono Mmoja, Maharage, na Sukari za Bakteria

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kukutana na viongozi, wapigania uhuru na washairi, na hilo ni jema. Safari hii naomba mnivumilie nimlete mkemia mmoja Mmarekani aliyefariki mwaka 1955, James Batcheller Sumner. Mimi ni mtu wa uhandisi, biolojia niliiaga tangu kidato cha nne. Ila utafiti wangu ni wa vifaa vya kupima bakteria kwenye maji, na ndani ya vifaa vya namna hiyo mara nyingi kuna protini iliyotoka kwenye maharage. Ndiyo, maharage. Nikataka kujua nani aliyeitoa huko, na nilipomjua huyo mtu nikaona si haki nibaki naye peke yangu.

Ajali ya kuwinda

Sumner alizaliwa tarehe 19 Novemba 1887 katika mji wa Canton, jimbo la Massachusetts. Kwao walikuwa na uwezo, familia yake ilikuwa na kiwanda cha pamba na shamba. Shuleni masomo karibu yote yalimchosha isipokuwa fizikia na kemia. Alichopenda zaidi ni bunduki na kuwinda, na hapo ndipo balaa lilipomkuta. Akiwa na miaka 17, katika kuwinda ndege na mwenzake, risasi ilimpata kwa bahati mbaya na mkono wake wa kushoto ukakatwa chini ya kiwiko.

Sasa zingatieni jambo hili: kijana huyu alikuwa mtu wa shoto. Yaani mkono uliokwenda ndio ule aliokuwa akiandikia na kufanyia kila kitu. Ikabidi aanze upya, ajifunze kuandika na kushika vitu kwa mkono wa kulia kama mtoto wa chekechea. Wala hakuishia hapo. Alijilazimisha kucheza michezo yote ambayo watu wangedhani haimfai tena: tenisi, kuteleza kwenye theluji, biliadi, hata kulenga shabaha. Tenisi aliicheza mpaka utu uzima, na wenye mikono miwili waliokutana naye uwanjani hawakupata mteremko.

Mwaka 1906 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza kemia mwaka 1910. Alifanya kazi muda mfupi katika kiwanda cha mjomba wake, kazi ikamchosha, akaenda kufundisha kwa muda kule New Brunswick, Canada, kisha Worcester huko huko Massachusetts. Mwaka 1912 akarudi Harvard, safari hii kitivo cha udaktari, kusomea biokemia chini ya Profesa Otto Folin.

Hapa ndipo wengi wetu tutajiona. Folin alikuwa bingwa wa fani yake na wala hakuwa mtu mbaya. Lakini alipomwona kijana wa mkono mmoja anataka kuwa mkemia, alimshauri kwa nia njema kabisa aende akasome sheria, kwa sababu kemia ni kazi ya mikono na mwenye mkono mmoja hataiweza. Jamani, ushauri wa adui ni rahisi kuukataa. Ushauri wa msimamizi wako anayekutakia mema, huo si mchezo. Sumner aliusikiliza kwa heshima, akabaki maabara. Mwezi Juni 1914 akapata shahada yake ya udaktari wa falsafa, kwa utafiti uliohusu jinsi urea inavyotengenezwa mwilini.

Kiangazi hicho alikuwa Ulaya vita kuu ya kwanza ilipolipuka, akakwama Uswisi kwa wiki kadhaa. Akiwa huko ndipo ilipomfikia simu ya upepo: Chuo Kikuu cha Cornell, kitivo cha udaktari kilichokuwa mjini Ithaca, jimbo la New York, kilimtaka awe profesa msaidizi wa biokemia. Alikwenda, na hakuhama tena.

Swali ambalo wakubwa waliliogopa

Ili kuelewa alichokifanya Sumner, tukumbuke hali ilivyokuwa. Vimeng'enya, yaani vile vitu vinavyoharakisha kazi za kikemia ndani ya mwili, vilijulikana kwamba vipo na vinafanya kazi. Lakini ni vitu gani hasa, hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kukishika kimeng'enya safi mkononi. Mkubwa wa fani hiyo alikuwa Mjerumani Richard Willstätter, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1915, ambaye aliamini kwamba vimeng'enya si protini. Kwa maoni yake, protini zilizoonekana humo ni uchafu tu, au gari ambalo kimeng'enya kimepanda.

Sumner hakuwa na uwezo wa kushindana na maabara za Ujerumani. Alikuwa na vipindi vingi vya kufundisha, vifaa vichache na fedha kidogo. Mwaka 1917 akafanya hesabu ya mtu maskini: kwa kuwa muda na vifaa sina, afadhali nijaribu jambo moja kubwa ambalo likifaulu litatosha. Akaamua kukisafisha kimeng'enya mpaka kibaki peke yake.

Alichagua ureasi, kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia na hewa ya ukaa. Alikifahamu tangu masomoni kwa sababu alikitumia kupima urea. Na alichagua mmea ambao una ureasi kwa wingi kuliko hata soya: maharage makubwa meupe ambayo ganda lake ni refu kama upanga, jina lake la kisayansi Canavalia ensiformis. Hoja yake ilikuwa ya kihandisi kabisa, ndiyo maana naipenda: ukitaka kuchimba dhahabu, anza pale penye dhahabu nyingi.

Kazi ilichukua miaka 9. Alisaga maharage, akaloweka unga katika maji yenye alkoholi, akachuja, akapoza, akatazama kilichotua chini. Maabara yake haikuwa na jokofu la maana, kwa hiyo usiku aliweka vyombo vyake kwenye kingo za dirisha nje na kuomba baridi iwe kali. Sisi huku ughaibuni tunaomba hita isizimike, yeye alikuwa akiomba baridi iongezeke! Usiku ukiwa na joto, kazi imeharibika.

Mwaka 1921 alipata ufadhili wa kwenda Brussels kufanya kazi na Jean Effront, mtaalamu mkubwa wa vimeng'enya. Mpango ukavunjika, maana Effront aliliona wazo la kukitenga kimeng'enya safi kuwa ni kichekesho.

Kilichotua chini ya chombo

Sasa basi, katikati ya miaka hiyo kilitokea kitu ambacho wakati ule hakikuonekana kikubwa. Mwaka 1919, katika kuchambua protini za maharage yale, Sumner alizitenga protini tatu nyingine ambazo hazikuwa na uhusiano na ureasi aliyokuwa akiitafuta. Akaziita konkanavalini A, konkanavalini B na kanavalini. Hakujua zina kazi gani. Wengi wetu tungezimwaga kwenye sinki na kuendelea na kile tulichotumwa. Yeye alizieleza kwa makini, akachapisha, akarudi kwenye ureasi yake. Tuwekeni jina hilo konkanavalini A akiba, tutalirudia.

Mwaka 1926 akabadilisha njia, badala ya alkoholi akatumia asetoni iliyochanganywa na maji. Tone la kimiminika kile alipoliweka chini ya hadubini, aliona fuwele ndogo ndogo zenye nyuso 8, za umbo ambalo hakuwahi kuliona. Akazikusanya, akaziyeyusha, akazipima: nguvu ya ureasi ilikuwa kubwa kupita chochote alichowahi kupata. Na vipimo vyote vilionyesha kwamba fuwele zile ni protini. Akampigia simu mkewe kumwarifu kwamba amekipata kimeng'enya cha kwanza duniani katika hali ya fuwele.

Mngedhani dunia ilimpigia makofi. Hapana. Watafiti wengi hawakumwamini, na kambi ya Willstätter ilisema alichonacho ni protini iliyobeba kimeng'enya tu. Willstätter mwenyewe alifika Cornell kutoa mihadhara, na bado hakukubali. Sumner alijibu kwa makala baada ya makala, jaribio baada ya jaribio. Mwaka 1929 chuo chake kilimpa uprofesa kamili. Mwaka 1930 John Northrop wa Taasisi ya Rockefeller naye akapata fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni, na ikawa protini vilevile. Baada yake vikafuata vingine, na mwaka 1937 Sumner na Alexander Dounce wakapata fuwele za katalasi kutoka ini la ng'ombe. Ubishi ukaisha wenyewe. Mwaka 1946 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa nusu kwa Sumner, na nusu nyingine wakagawana Northrop na Wendell Stanley, ambaye alikuwa amepata fuwele za virusi vya tumbaku mwaka 1935.

Protini inayoshika sukari

Wanaoandika maisha yake wengi huishia kwenye Nobel. Mimi naona sehemu inayotugusa zaidi leo ni ile chupa ya mwaka 1919.

Ilijulikana tangu 1888, kwa kazi ya Hermann Stillmark katika chuo cha Dorpat, mji unaoitwa Tartu leo nchini Estonia, kwamba juisi ya mbegu za mbarika inazifanya chembe nyekundu za damu zishikamane madonge. Baadaye mbegu nyingine zikaonekana kufanya hivyo, na maharage ya Sumner yakiwemo. Mwaka 1936 Sumner na mwenzake Stacey Howell walionyesha kwamba kinachofanya kazi hiyo katika maharage yale ni konkanavalini A ileile. Ilikamatisha chembe za damu, ilikamatisha hamira, na ilituamisha glaikojeni, ambayo ni wanga wa mwilini. Halafu wakaongeza jaribio moja dogo: wakatia sukari ya kawaida, ile ya miwa. Madonge ya damu yakazuiwa!

Maana yake ni nini? Konkanavalini A ina kama mikono inayoshika sukari. Siku hizi tunajua kwamba katika hali ya kawaida molekuli yake imeundwa na vipande 4, na kila kipande kina mahali pamoja pa kushikia. Mkono mmoja ukishika sukari kwenye chembe hii na mwingine ukashika kwenye chembe ya jirani, chembe zinaunganika, na zikiwa nyingi unapata madonge kama uji uliopikwa na mtu mwenye haraka. Lakini ukiimwagia sukari huru, mikono inajaa. Ni kama mtoto aliyeshika kashata mikono yote miwili, hawezi tena kukushika nguo. Sumner na Howell wakasema kwamba huenda protini hii inashika sukari zilizo juu ya chembe. Kwa mwaka 1936 hilo lilikuwa kuona mbali sana. Mwaka 1954 William Boyd na Elizabeth Shapleigh walizipa protini za namna hii jina la lektini, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua, kwa sababu kila lektini huchagua sukari yake.

Na bakteria je? Bakteria haendi uchi. Sehemu kubwa ya ngozi yake ni sukari zilizounganishwa kwa minyororo, na kila aina ina mpangilio wake, kama vazi linavyokuonyesha mtu ametoka wapi. Ile herufi O katika jina la E. coli O157, bakteria anayesumbua sana katika chakula, inahusu mnyororo wa sukari ulio juu yake. Pneumokoki, bakteria wa nimonia, ana aina zaidi ya 90 zinazotofautiana kwa sukari za ganda lake, na chanjo zake hutengenezwa kutokana na sukari hizo. Chanjo hiyo Kenya iliingizwa katika ratiba ya watoto mwaka 2011.

Sasa ukitaka kulisoma vazi hilo, lektini ndizo macho yako. Konkanavalini A hupenda manosi na glukosi. Lektini ya ngano hupenda N-asetiliglukosamini, sukari iliyomo kwenye ukuta wa bakteria, kwa hiyo ukiitia rangi inayong'aa inawasaidia watu kuwatofautisha bakteria wa Gram-chanya na wa Gram-hasi. Mwaka 1972 Ronald Doyle na mwenzake walionyesha konkanavalini A ikishika ukuta wa Bacillus subtilis, ambao una glukosi zilizoning'inia. Mwaka 1984 Doyle huyo huyo na wenzake wakaonyesha kwamba lektini, hasa ya soya, zinaweza kumtenga bakteria wa kimeta na ndugu zake wanaofanana naye. Wafugaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa kimeta ni nini.

Utaratibu wenyewe hauhitaji mashine ya mamilioni. Unachanganya tone la bakteria na tone la lektini kwenye kioo, unatazama kama madonge yanatokea. Yakitokea, unarudia ukiwa umetia sukari inayohusika. Madonge yakikosekana safari hii, umejua kwamba ni sukari iliyoshikwa na si kubahatisha. Hatua hii ya pili, ambayo haraka huwafanya watu wairuke, ndiyo ile ya Sumner na Howell. Leo kuna vioo vyenye lektini nyingi zilizopangwa kwa madoa, unapata alama ya bakteria mzima kwa mara moja, lakini mantiki haikubadilika.

Na mchezo huu bakteria nao wanaujua. Mwaka 1977 Itzhak Ofek, David Mirelman na Nathan Sharon walieleza kwamba E. coli hujishikiza kwenye seli zetu kwa kushika manosi. Yaani bakteria naye ana lektini zake, anatumia sukari zetu kama ngazi ya kupandia. Hapo ndipo watafiti wanapotafuta dawa za kumwachisha mshiko badala ya kumuua.

Hata ureasi ilikuja kukutana na bakteria. Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo, anaishi kwenye asidi kwa kutumia ureasi kutengeneza amonia ya kujikinga. Kile kipimo cha kupuliza pumzi hospitalini kinatafuta kazi ya ureasi hiyo. Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyo.

Kabla sijamaliza, neno kwa wapishi wa mabwenini: maharage mekundu nayo yana lektini, tena kali. Yasipoiva vizuri yanaleta kutapika na kuharisha. Yaloweke, mwaga maji, kisha yachemshe kwa nguvu si chini ya dakika 10, ndipo uyaache yaive taratibu. Vile vyungu vya umeme vya moto mdogo peke yake havitoshi. Ya kopo yameshaiva, hayana shida.

Mwisho wake

Mwaka 1947 Sumner alikuwa mkurugenzi wa maabara ya kemia ya vimeng'enya pale Cornell. Aliendelea kufundisha na kutafiti karibu mpaka mwisho. Alikuwa amepanga kustaafu na kwenda Belo Horizonte, Brazili, kuanzisha maabara ya vimeng'enya, lakini saratani ilimwahi. Alifariki Buffalo, New York, tarehe 12 Agosti 1955, akiwa na miaka 67. Kazi za bakteria nilizozieleza nyingi zilifanywa baada yake na watu wengine, yeye hakuziona.

Nachukua kwake mambo mawili. La kwanza, msimamizi anaweza kukosea juu yako hata akiwa mtu mwema na bingwa wa kazi yake. Kubishana naye hakusaidii sana, kazi ndiyo itakayombishia. La pili, ambalo nadhani tunalisahau zaidi, ni daftari. Wengi wetu tuko hapa kwa ufadhili wenye tarehe ya mwisho, na tunaandika kile tu kinachoingia kwenye tasnifu. Sumner naye alikuwa na haraka, alikuwa na kitu kimoja anachokitafuta, na bado alikiandika vizuri hata kile asichokihitaji. Kile alichokihitaji kilimpa Nobel. Kile asichokihitaji kiko kwenye majokofu ya maabara dunia nzima hadi leo, kinanunuliwa kwa miligramu, kinasoma sukari za bakteria.

Basi wana-jumuiya, kabla ya kumwaga kilichotua chini ya chombo chako, kiandike. Nawatakia mitihani mema.